Kiungo wa Buterere na Mwalimu Asiyepimwa kwa Jumapili

Kwenye viwanja vya vumbi vya Buterere mpira haufiki ulivyopigwa. Unagonga jiwe, unaruka, unapinda njia hatua mbili kabla ya kukufikia. Kijana anayecheza katikati hujifunza mapema kwamba akiinua uso kutazama wenzake wako wapi, mpira utampita au utamgonga ugoko. Basi anainamisha kichwa. Anaukazia macho tangu unapoondoka kwa beki mpaka anapoukanyaga, ndipo anatazama mbele, na wakati huo wapinzani wawili wameshafika. Akiwa na kipaji atawapiga chenga wote wawili na watu watapiga kelele. Mimi hapo huwa natazama upande wa pili wa uwanja, kwa mshambuliaji aliyekuwa peke yake, mkono juu, ambaye hakuonwa.

Buterere iko kaskazini mwa Bujumbura, kwenye uwanda wa Imbo. Jirani zake ni uwanja wa ndege, jalala la jiji na mabwawa ya kusafishia majitaka. Mvua zikishika, viwanja hugeuka tope na mpira huchezwa pale palipobaki pakavu. Watoto wanaongea Kirundi na Kiswahili kwa pumzi moja. Vipaji havijawahi kuadimika hapa. Ukimuuliza mtu yeyote anayejua mpira atakuonyesha kijana mmoja wa kuangaliwa. Ninachokitafuta katika safu hii ni mtu wa kumkabidhi kijana huyo.

Msimu ukiisha, viongozi wa klabu huniuliza swali lilelile: tumchukue kocha gani? Nami nawauliza wanamtaka kwa kazi ipi. Jibu huwa kwamba ashinde ligi na awakuze vijana. Hizo ni kazi mbili, na kila moja ina kalenda yake. Kocha mkuu wa timu ya Primus Ligue, ligi kuu yetu, anahesabu siku hadi Jumapili. Akipoteza mechi nne mfululizo, virago viko mlangoni. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kumwacha kijana wa miaka 17 apoteze mipira saba katika kipindi cha kwanza kwa kuwa anajifunza kupokea na kugeuka akiwa amebanwa. Atamtoa, na atakuwa na haki ya kumtoa. Kwa hiyo nasema hivi: kiungo mchezeshaji anahitaji mwalimu wake, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu, ambaye mshahara wake hautegemei matokeo ya Jumapili.

Wamarekani walilielewa hili zamani katika mchezo wao, ule unaochezwa kwa mpira wa yai. Kuna mchezaji anaitwa kota-beki. Kila shambulio huanzia mikononi mwake: anapewa mpira, ana sekunde mbili tatu, watu wazito wanamkimbilia wamwangushe, naye lazima aamue amrushie nani au aubane asirushe kabisa. Ndiye kiungo mchezeshaji wa mchezo ule, isipokuwa mzigo wake ni mzito zaidi. Kwa sababu hiyo timu za ligi ya NFL huwa na kocha wa kota-beki, cheo kinachojitegemea, kwa ajili ya mtu mmoja na wasaidizi wake wawili.

Mwaka 2018 Buffalo Bills walimchukua Josh Allen kutoka Chuo Kikuu cha Wyoming, akiwa wa 7 katika uteuzi wa vijana wa mwaka huo. Mkono wake ulikuwa na nguvu za kutisha, lakini mipira haikuwafikia watu: msimu wake wa kwanza pasi zilizofika zilikuwa asilimia 52.8. Walikuwepo waliosema ndivyo alivyoumbwa, kwamba shabaha haifundishwi. Klabu ikamwacha na mratibu yuleyule wa mashambulizi, Brian Daboll. Mwaka 2019 ikamwongezea Ken Dorsey, aliyewahi kuicheza nafasi hiyo, awe kocha wake wa karibu. Likizo zikifika, kijana akawa anafanya kazi ya miguu na kiuno na mwalimu wa binafsi, Jordan Palmer. Mwaka huo wa 2019 asilimia ilipanda hadi 58.8. Mwaka 2020 ikafika 69.2, na Bills wakabakiza mechi moja tu kuingia Super Bowl, fainali ya ligi. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni mahali anapoweka mguu wa mbele na mpangilio wa macho yake: amtazame nani kwanza, nani wa pili, na lini aache kutafuta.

Sasa tazama kinyume chake. San Francisco 49ers walimteua Alex Smith wa kwanza kabisa mwaka 2005, halafu karibu kila mwaka wakampa mratibu mpya. Kila mratibu alikuja na majina yake ya michezo, ishara zake, na maoni yake kuhusu kijana anapokosea wapi. Smith akazomewa miaka na miaka kwenye uwanja wa nyumbani. Mwaka 2011 alipokuja Jim Harbaugh na kumpa mpango mmoja wa kueleweka, timu ilishinda mechi 13 kati ya 16. Habari haikuishia hapo. Smith alihamia Kansas City, na mwaka 2017 klabu ikamleta kijana Patrick Mahomes akae nyuma yake. Karibu msimu mzima Mahomes hakucheza. Chini ya kocha Andy Reid alikuwa akimtazama mkubwa wake anavyoiandaa wiki: anasoma nini Jumanne, anauliza nini Alhamisi. Mwaka 2018 alipokabidhiwa timu alirusha pasi 50 za mabao na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Yule aliyenyimwa mwalimu wa kudumu katika ujana wake ndiye aliyekuwa mfano wa kijana aliyepewa muda.

Fedha za Kansas City hatuna. Lakini muda, na uamuzi wa nani amsikilize nani, haviagizwi kutoka ng'ambo.

Soka letu lenyewe limeshalikubali wazo hili kwa mtu mmoja: golikipa. Kila benchi la ufundi linalojiheshimu lina kocha wa makipa. Anawachukua watu wake watatu pembeni, anawarushia mipira saa nzima, na hakuna mjumbe wa kamati anayeuliza huyu analipwa kwa kazi gani. Liverpool walikwenda mbali zaidi mwaka 2018, wakamchukua Thomas Grønnemark wa Denmark awafundishe kurusha mipira ya pembeni tu. Kama kurusha kuna mwalimu wake, sioni kwa nini mtu anayegusa mpira kuliko wenzake wote aachwe ajifundishe.

Nitajibiwa kwamba wachezeshaji wakubwa wa dunia walitengenezwa na makocha wakuu wa kawaida. Mfano unaotajwa zaidi ni Andrea Pirlo, na ni mfano mzuri. Mwaka 2001 Pirlo alikuwa namba kumi aliyekwama, Inter wakamtoa kwa mkopo kwenda Brescia. Kocha Carlo Mazzone alikuwa na namba kumi mwingine pale, Roberto Baggio, ambaye hakuna mtu angemweka benchi. Akamrudisha Pirlo nyuma, mbele ya mabeki, mahali ambapo angeuona uwanja wote kabla ya kuguswa. Milan wakamnunua, Carlo Ancelotti akamwacha palepale, na mwaka 2006 Italia ikachukua Kombe la Dunia ikiendeshwa na miguu yake. Mazzone alikuwa kocha mkuu mwenye shinikizo zote za Jumapili, ni kweli. Lakini tazama kilichomlazimisha: Baggio. Nafasi ya Pirlo ilizaliwa kwa sababu nafasi yake ya zamani ilikuwa na mwenyewe. Bahati ya namna hiyo huwezi kuiandika kwenye mkataba wa mtu.

Sasa turudi nyumbani, kwa jambo linaloniuma. Tarehe 23 Machi 2019 timu yetu ya taifa, Intamba mu Rugamba, walitoka sare ya 1-1 na Gabon mjini Bujumbura wakafuzu fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yao. Katika kundi hilo hawakupoteza mechi hata moja: walishinda mbili, wakatoka sare nne. Ilikuwa furaha ya nchi nzima na hakuna wa kuipunguza. Lakini hesabu za mabao zilikuwa zimeshaanza kusema. Burundi ilifunga mabao 11 katika kundi lile, na manane kati ya hayo yaliingia dhidi ya Sudan Kusini. Katika mechi nne na Mali na Gabon yaliingia matatu. Kule Misri, Juni, tulifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagascar, 2-0 na Guinea. Jumlisha: mechi saba dhidi ya timu zinazojua kujipanga nyuma, mabao matatu.

Na wafungaji walikuwepo. Fiston Abdul Razak alikuwa miongoni mwa wafungaji waliotamba katika kufuzu. Cédric Amissi ndiye aliyetufungia siku ile ya Gabon. Saido Berahino aliwahi kuifungia West Bromwich Albion mabao 20 katika msimu mmoja wa England. Watu hao hawakusahau kufunga njiani kwenda Misri. Walikuwa wanasubiri mpira, na mpira ulipofika ulifika umechelewa, wakiwa wamelipa mgongo goli na beki ameshawashika jezi. Tulikosa mtu wa kuwapa pasi sekunde moja mapema. Sekunde hiyo ndiyo ileile inayopotea Buterere, kijana anapoinamia mpira.

Nisimtupie lawama kocha wa wakati ule, Olivier Niyungeko. Kinyume chake, yeye ni ushahidi wangu. Alipewa timu mwaka 2016, akaachwa nayo, na katika miaka mitatu akafanya ambalo halikuwahi kufanywa na waliomtangulia, wageni na wenyeji. Ila kocha wa timu ya taifa anakaa na wachezaji siku chache kila baada ya miezi kadhaa. Hafundishi mtu kutazama. Anampokea kama alivyolelewa.

Kwamba Warundi wanaweza kulelewa tunajua. Gaël Bigirimana alizaliwa Bujumbura Oktoba 1993, mwezi uleule nchi ilipoingia vitani. Alifika Coventry akiwa mtoto, akaenda mwenyewe kwenye akademi ya Coventry City kuomba ajaribiwe. Akalelewa pale kama kiungo wa kati, akacheza timu ya wakubwa, na mwaka 2012 Newcastle wakamnunua. Berahino naye alizaliwa Bujumbura mwaka huohuo, akakulia katika akademi ya West Bromwich. Sina haja ya kuzisifu akademi za England, zina makosa yake mengi. Ila mtoto wa Bujumbura alipofika kule alimkuta mtu mzima aliyeajiriwa kwa ajili yake, ambaye hata timu ya wakubwa ikishuka daraja Jumamosi, yeye Jumatatu yuko uwanjani na vijana walewale.

Na walimu je, tunao? Tunao, tena wengi wanalishwa na wengine. Etienne Ndayiragije aliifikisha Mbao ya Mwanza fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2017, na Septemba 2019, wakati Taifa Stars inatutoa kwa penalti 3-0 katika kufuzu Kombe la Dunia, Mrundi huyo ndiye aliyekuwa kwenye benchi la Tanzania. Cédric Kaze ni somo la aina nyingine, na ningependa kila katibu wa klabu alisome. Alichukuliwa na Yanga ya Tanzania kuwa kocha mkuu Oktoba 2020, akaondolewa Machi 2021. Baadaye akarudi klabu ileile kama msaidizi wa Nasreddine Nabi. Katika kiti hicho cha pili Yanga ikachukua ubingwa wa 2021-22 bila kupoteza mechi ya ligi, na 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nabi ndiye aliyejibu waandishi wa habari na kubeba lawama. Msaidizi alibaki na kazi. Wako watu ambao ubora wao hauonekani mpaka uwaondolee Jumapili mabegani, na kamati zetu huwapoteza kwa sababu zinajua cheo kimoja tu cha kumpa mtu.

Basi unamtambuaje mwalimu wa kiungo? Nianze na cheti, nikimalize haraka. Leseni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ni muhimu, iwe C, B au A. Asiye nayo apelekwe akasome. Lakini leseni inaonyesha mtu amefundishwa kuendesha timu. Haionyeshi kama anaweza kumbadilisha mchezaji mmoja.

Nimefika kwenye imani kwamba usaili wa kazi hii haufai kufanyiwa mezani. Mpeleke Buterere jioni, mpe vijana watatu na mipira miwili, saa moja, nawe kaa pembeni unyamaze. Angalia kwanza anasimama wapi. Kocha wa timu husimama pembeni aone wote; mwalimu wa kiungo husimama nyuma ya mgongo wa kijana, kwa sababu anataka kuona anachokiona kijana. Sikiliza anapiga kelele lini. Akipiga kelele baada ya pasi kupotea, anasahihisha matokeo. Yule ninayemtaka huongea kabla, mpira ukiwa bado njiani, kwa neno moja: nani? Na kijana lazima ajibu kwa sauti jina la aliye nyuma yake. Geir Jordet, msomi wa Norway, ametumia miaka mingi kuhesabu mara ngapi viungo wa ligi kubwa hugeuza kichwa kabla ya kupokea mpira, na wanaogeuza zaidi ndio wanaofikisha pasi za mbele zaidi. Xavi na Frank Lampard ni miongoni mwa waliomvutia. Kwa hiyo tabia hii ina hesabu, inapimika, na mwalimu anayeijua ataanza kuihesabu jioni hiyohiyo bila kuambiwa.

Halafu angalia atafanya nini na ardhi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, hasa waliojifunza kazi kwenye nyasi. Kocha wa nyasi ataona kijana anainamia mpira, ataandika kwenye daftari: hana maono. Kumbe kijana ana maono, ana pia akili ya kujua kwamba kwenye uwanja ule anayeinua kichwa anapoteza mpira. Kuinama kwake ni jibu sahihi kwa swali ambalo ardhi inamuuliza kila siku. Mwalimu anayefaa atalitambua hilo kabla ya kukosoa. Atatafuta sakafu ngumu, uwanja wa basketi au ua wa shule uliosakafiwa, ambako mpira unatambaa bila kuruka, na huko atamfundisha kijana kutazama mpaka shingo izoee. Ndipo atamrudisha kwenye vumbi, ambako sasa anajua sehemu ya pili: mpira mbovu unapokelewa kwa upande wa ndani wa mguu, ukiwa nusu umegeuka, ili hata ukiruka uruke kuelekea unakotaka kwenda. Na hapa vumbi la Buterere linakuwa na faida ambayo mtoto wa nyasi hana, maana mguso wa kwanza wa watoto hawa, uliopatikana kwa kuhangaika na mawe, ni wa ajabu. Mwalimu asiyeuona utajiri huo siwezi kumwamini na lolote jingine.

Baada ya saa hiyo muulize swali moja: ni mchezaji gani aliyebadilika mikononi mwako, alikuwaje, akawaje, na ilichukua muda gani? Wengi watakutajia makombe. Waache wamalize, kisha urudie swali. Mwenye jibu hujulikana mara moja, kwa sababu anaanza kukusimulia mguu wa kushoto wa kijana fulani kana kwamba ni mtoto wake.

Lugha nayo ni ya kuangaliwa kuliko tunavyodhani. Kocha mgeni mwenye mkalimani anaweza kuendesha timu. Michoro ubaoni inatosha. Mwalimu wa kiungo anafanya kazi ndani ya nusu sekunde ya uamuzi wa mtu, na huko hakuna nafasi ya mkalimani. Kijana wa Buterere akiulizwa kwa Kifaransa kwa nini hukumpa winga, atajibu ndiyo kocha. Akiulizwa kwa Kirundi au Kiswahili atasema: nilimwona, ila nilidhani ameotea. Majibu hayo mawili yako mbali kama Bujumbura na Makamba. La kwanza halikufundishi chochote juu ya kijana. La pili linakuambia tatizo lake liko kwenye kusoma mstari wa mabeki, macho yake ni mazima.

Nilikosea mwenyewe katika hili, na nalisema kwa kuwa kosa lilimgharimu mtu mwingine. Miaka fulani nyuma klabu moja iliniomba ushauri, nami nikampendekeza mtu mwenye historia nzito, aliyekuwa amecheza kwa kiwango cha juu na kufundisha nchi tatu. Tulimpa kijana mmoja wa kati, mwenye miguu ya hariri. Mwalimu yule alikuwa anajua kila kitu ila hakujua anakijuaje. Kijana akikosea, yeye anachukua mpira na kumwonyesha: hivi. Anaonyesha vizuri sana. Kijana anarudia, anakosea, anaonyeshwa tena. Baada ya miezi michache kijana akaanza kuogopa mpira, akawa anautoa nyuma kwa beki kila anapoupata, kwa sababu hakuna anayeonyeshwa makosa kwa pasi ya nyuma. Mwaka uliofuata alikuwa beki wa pembeni. Hakurudi tena katikati. Kosa lilikuwa la kwangu: niliangalia alichofanya mwalimu akiwa mchezaji, sikumwomba anionyeshe alichomfanyia mtu mwingine.

Kwa hiyo ninapoambiwa tumchukue nyota mkongwe, sikatai, nauliza. Chukua Saidi Ntibazonkiza, mtoto wa Bujumbura aliyetoka klabu ya Vital'O akacheza Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa. Msimu wa 2022-23, alioumaliza akiwa na miaka 36, aligawana kiatu cha ufungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania na Fiston Mayele, mabao 17 kila mmoja, ameanza msimu Geita Gold na kuumalizia Simba. Umri ule mbio zinakuwa zimepungua. Kilichokuwa kinamfikisha kabla ya vijana wa miaka 22 ni kuona. Mtu wa aina hiyo anabeba maarifa ambayo nchi isingependa yapotee. Lakini hata yeye ningempeleka Buterere na vijana watatu na mipira miwili, kwa heshima zote, nikae pembeni ninyamaze.

Muda wa mkataba ni jambo ninalolishikilia kuliko mshahara. Miaka mitatu, isiyofungamana na mkataba wa kocha mkuu. Kocha mkuu akifukuzwa, na atafukuzwa, mwalimu wa kiungo abaki. Anayekuja ajulishwe hivyo kabla ya kusaini. Najua makocha wakuu hawapendi kukuta mtu kwenye benchi ambaye hawakumleta. Wanaogopa kwamba ni jicho la kamati. Woga huo una msingi, na dawa yake ni mipaka iliyoandikwa: mwalimu wa kiungo hapangi kikosi, haongei na wanahabari, haitwi kwenye kikao cha kujadili matokeo. Anatoa taarifa ya kijana wake kila robo ya msimu, na taarifa hiyo inataja vitu vinavyohesabika: mara ngapi kijana aligeuza kichwa kabla ya kupokea, pasi ngapi zilivuka mstari wa viungo wa wapinzani, mara ngapi alipokea ameelekea mbele.

Fedha je? Klabu zetu zitasema hakuna, huku dirisha la usajili likifunguliwa zinapata za kumleta kiungo wa miaka 29 kutoka nje kwa msimu mmoja. Kuna pia hela ambazo huwa tunaziacha mezani. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu msimu wa miaka 12 hadi wa 23. Kila msimu kati ya miaka 16 na 23 una thamani ya asilimia 0.5 ya ada yote. Klabu iliyokaa na kijana misimu mitatu ya umri huo inadai asilimia 1.5 kila anapouzwa nje ya nchi, miaka yote ya kazi yake. Akiuzwa kwa dola 200,000, hizo ni dola 3,000, na akiuzwa tena zinakuja tena. Juu ya hapo iko fidia ya mafunzo, kijana anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kuwa mchezaji wa kulipwa katika nchi nyingine. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo chake mjini Paris kinachopitisha malipo hayo, na kinasoma kitu kimoja tu: pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, inayotokana na usajili wa shirikisho. Klabu isiyokuwemo humo haikumlea mtu, hata kama mtaa mzima unaapa.

Kuna jambo moja zaidi linaloifanya kazi hii iwe ya haraka. CAF ilipouzuia Uwanja wa Intwari wa Bujumbura kuandaa mechi za kimataifa, timu ya taifa ililazimika kwa muda kuwakaribisha wageni wake nje ya nchi, mara kadhaa Dar es Salaam. Miaka hiyo mtoto wa Buterere hakuweza kupanda basi akaenda mjini kumtazama kiungo wa taifa kwa macho yake, jinsi anavyotembea wakati mpira haupo kwake, jambo ambalo televisheni haionyeshi kwa sababu kamera inaufuata mpira. Mahomes alimtazama Smith mwaka mzima kutoka hatua tano. Kijana wetu aliyekulia miaka hiyo hakupata wa kumtazama, na sasa anamtegemea yule atakayeletwa na klabu.

Klabu itakayoanza msimu ujao isianze na koni wala vizibao. Siku ya kwanza mwalimu huyo akae na katibu, kijana na mzazi wake, kwenye benchi la mbao kando ya uwanja, waandike jina la kijana kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe, na siku aliyosajiliwa, na karatasi hiyo ipelekwe kwenye shirikisho wiki hiyohiyo. Ndipo waende wote kwenye ua wa shule uliosakafiwa, kijana asimame ameupa mpira mgongo, na mwalimu, nyuma yake, aulize: nani?